Naomba Kurudishiwa Ubovu wa Kompyuta Yangu

Kwa Fundi Kompyuta,
Chumba cha mwisho, nyuma ya duka la vitambaa.

Ndugu Fundi,

YAH: DAKIKA YA AROBAINI NA MOJA

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na bisibisi zako. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe. Nakuandikia kwa heshima zote, kama mtu aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja, akiandika malalamiko ya watu wengine bila kuwa na la kwake. Sasa ninalo.

Utanikumbuka. Mimi ndiye yule mzee aliyekuletea kompyuta ya kichogo imefungwa kwa shuka, Jumatano iliyopita, kwa shida moja tu: herufi R ilikuwa haibonyezeki. Mtaani wananiita Mzee Risala, na mtu mwenye jina hilo hawezi kuishi bila R. Tatizo nililiandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya kioo. Hukupungukiwa na maelezo.

Ijumaa nikaja kuichukua. R inabonyezeka, nashukuru. Lakini ukaniambia, huku unatabasamu, kwamba umeniongezea na zawadi: diski ya harusi uliyoikuta ndani ya droo yake haitakwama tena. Umefuta vumbi kwenye lenzi, umeondoa ile programu ya zamani ya kuonyesha video ukaweka mpya, na picha zote umezinakili mle mle ndani ya mashine, ili hata diski ikipasuka tusihangaike. Nikakupa mkono. Laiti ningejua, ningeuacha mfukoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulitengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Najua utasema diski ilikuwa inakwama. Ilikwama, ndiyo, tena kila mara mahali pale pale, dakika ya arobaini na moja na sekunde kumi na mbili, na huo ndio uliokuwa uzima wake. Ni harusi ya binti yangu kitindamimba, iliyofanyika huko mjini kwa wakwe zake miaka tisa iliyopita, na hapa mtaani hakuna jirani hata mmoja aliyehudhuria. Maharusi wanaingia, keki inakatwa, shangazi za bibi harusi wanacheza mpaka viatu vinawatoka, halafu mshereheshaji anamwita baba mzazi atoe neno. Ninasimama. Ninashika kipaza sauti. Ninafungua mdomo. Hapo picha inaganda, feni ya kompyuta inaanza kunguruma, na kile kisaa cha mchanga kinatokea katikati ya paji la uso wangu.

Basi mimi huinuka kwenye kochi, nikasimama kando ya kioo, nikaitoa hotuba ile mwenyewe, mbele ya wageni. Mwaka wa kwanza ilikuwa ya dakika nne. Sikatai kwamba imenenepa. Kwa sasa ina dakika ishirini na mbili, ina sehemu ya uvumilivu, sehemu ya mawifi, na mahali pawili pa kucheka. Watu hupiga makofi, na jina la Mzee Risala lilitokana na makofi hayo.

2. Ubovu ule ulikuwa na mwenyewe, nami niliutunza. Mpwa wangu alitaka kuifuta diski kwa dawa ya meno, nikamnyang'anya. Mkwe wangu wa kwanza alitaka kutuletea mashine mpya, nikamwambia hii tumeizoea. Picha ikishaganda, droo nayo hugoma kutoka, na dawa yake ni kuchomeka pini ya nywele kwenye kile kitundu kidogo cha mbele. Pini zote za mama watoto nilizificha mimi. Miaka tisa anamlaumu msusi. Kazi yote hiyo wewe umeiharibu kwa pamba na spiriti, tena kwa muda mfupi kuliko kunywa chai.

3. Jumapili mchana sebule ilijaa. Alikuwepo mama watoto, wajukuu watatu, mshona nguo wa nyumba ya pili, mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara, na seremala, ambaye anamwoza bintiye mwezi ujao na alikuja mahususi kuisikia hotuba ili ajifunze. Nilisahau kabisa zawadi yako. Ilipotimia dakika ya arobaini na moja nikasimama kando ya kioo kama kawaida, nikakohoa, nikanyoosha kola. Feni haikunguruma. Picha haikuganda. Yule mimi wa ndani ya kioo akaendelea.

Kwa kuwa umeinakili, huenda umeshaiona, kwa hiyo sina cha kukuficha. Hakusema kitu. Alimtazama mtoto wake, akafungua mdomo mara ya pili, akaangua kilio. Alilia dakika tatu na sekunde arobaini, maana programu yako mpya ina saa chini ya picha na mwalimu aliisoma kwa sauti. Alijifuta kwa kitambaa cha meza, glasi mbili zikaanguka, mwishowe mshereheshaji akamnyang'anya kipaza sauti na kumkalisha kwenye kiti kisicho chake, katikati ya wasimamizi wa bibi harusi. Kurasa zake nne za hotuba zinaonekana zikichungulia mfukoni. Mjukuu wangu wa miaka sita akaniuliza, babu, nani alikufinya?

4. Programu ya zamani ilikuwa na vitufe viwili, cha kuanza na cha kusimama, na cha kusimama hakikufanya kazi. Hii yako ina kitufe cha kurudi nyuma. Mwalimu amekigundua. Ina pia kitufe cha kupunguza mwendo, na hicho amekigundua mshona nguo. Ndugu Fundi, nimelizwa polepole, mbele ya majirani, mara tatu. Mama watoto, aliyekuwepo harusini na kunisitiri miaka yote tisa, pamoja na dada zangu ambao nao walifunga midomo, alicheka mpaka akashika mbavu, akasema afadhali sasa ataacha kubeba siri nzito kuliko ndoo.

5. Hadhi. Watu wa mtaa huu huniletea risala zao nizinyooshe: za harusi, za kumuaga bosi, za kufungua choo cha shule. Jumatatu asubuhi seremala alikuja akachukua karatasi zake, akasema anakwenda kutafakari. Alikuwa mpole mno. Tangu hapo hakuna aliyebisha hodi, na R yangu uliyoitengeneza inakaa tu, haina kazi.

6. Hili la mwisho ndilo linalonikosesha raha, na nikilimaliza nitakuwa nimesema yote. Jumamosi hii kitindamimba anakuja, na kwa mara ya kwanza anakuja na mama mkwe wake. Lazima wataomba diski. Yule mama alikuwepo siku ile, lakini miaka tisa ni mingi, nami nilikuwa nimejipa matumaini kwamba amesahau. Ningempa zile dakika ishirini na mbili safi, zikafunika kila kitu. Sasa ataketi kwenye kochi langu na kukumbushwa kwamba nilimtoa mwanangu bila neno. Kila baba hupeleka mtoto ukweni na maneno ya kumsindikiza, ili wajue ana watu nyuma yake. Mimi niliandika kurasa nne, na wa kwangu alikwenda mikono mitupu. Nimeona aibu ya jambo hilo kila siku tangu siku ile. Hotuba yote unayoisikia mtaani nimekuwa nikimwambia yeye, hata asipokuwepo.

Kwa sababu hizo, naomba kwa unyenyekevu mambo matatu:

(a) Unirudishie ubovu wangu, ule ule, wa dakika ya arobaini na moja na sekunde kumi na mbili, mdomo ukiwa wazi. Kama umeshautupa, tafadhali utafute katika mashine ya mteja mwingine anayeulalamikia. Sisi wawili tutasaidiana.

(b) Unirudishie vumbi la lenzi. Likiwa limepotea, chumbani kwangu lipo jingi, nitakuja nalo.

(c) Uniandikie cheti chenye muhuri, kwamba kitaalamu machozi yanayoonekana kwenye picha zile ni hitilafu ya diski iliyoingia unyevu, na kwamba chini ya unyevu huo hotuba ilitolewa yote. Cheti nitakitundika juu ya kompyuta.

Yote yakamilike kabla ya Ijumaa jioni. Ikishindikana nitalazimika kulifikisha shauri hili kwa mwenyekiti wa mtaa, ingawa naye ameshaiona, kwa mwendo wa polepole.

Nisalimie mkeo, mama mwenye duka la vitambaa, na yule bwana wa kurekebisha saa unayegawana naye meza. Wote wa huku wanakusalimu, mwalimu zaidi.

Ni mimi mteja wako niliyetengenezewa kupita kiasi,

Mzee Risala
Karani wa Mahakama (Mstaafu)

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha simu ikalia. Ni kitindamimba. Mama yake ameshampelekea habari zote za Jumapili, hata sekunde amemtajia. Nikajua nimekwisha. Akaniambia mama mkwe wake ndiye aliyeomba waje, kwa sababu wao hawakupata diski, na ile sehemu ya baba kulia anataka kuiona tena kabla hajazeeka zaidi. Nikauliza, ya nini? Akanisimulia kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa mumewe alimfokea mbele ya watu. Yule mama akamwita mwanawe chumbani, akamwambia baba wa huyu alimkabidhi kwangu akashindwa hata kusema, ukimfokea tena utakwenda kumweleza mwenyewe. Hajafokewa tena mpaka leo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema kila akija ananikuta nimeshaanza kuhutubia, naye hakupenda kunikatiza.

Kwa hiyo ubovu usirudishe. Ila Jumamosi asubuhi njoo na vifaa vyako uniongezee sauti kuanzia dakika ya arobaini na moja. Mpiga kinanda ananizidi, kilio hakisikiki vizuri.