Kosa la Tezi, Adhabu kwa Jirani

Mheshimiwa Daktari wa Mionzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, wewe na mashine yako.

Anayekuandikia ni Faridi wa Chiungutwa, dereva wa bodaboda ambaye Masasi nzima haijapata mfano wake. Trafiki hunipigia saluti nikiwa nimeshapita zamani. Shule niliiachia kidato cha pili kwa kuwahurumia walimu, maana walikuwa wameishiwa.

Nalalamika kwa niaba ya mjomba wangu, Mzee Mrisho, uliyemchoma mionzi ya saratani ya tezi dume mwaka jana. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo ukimgusa yeye umegusa ukoo.

1. Aliyekosa ni tezi. Njia ya haja kubwa ni jirani yake tu, hakushiriki. Mbona mmemuunguza naye? Hata mgambo wa kwetu huuliza jina kwanza.

2. Pikipiki yangu imeandikwa "Mshale". Siku hizi nikimpeleka mjomba Masasi, kila baada ya mikorosho mitano ananigonga bega, nasimama, anaingia shambani kwa watu kwa mbio zisizolingana na umri wake. Baiskeli zinatupita. Kijiweni wamenibatiza "Stendi Ndogo".

3. Msikitini alikuwa safu ya mbele. Sasa anaswali mlangoni, na udhu anautia mara tatu kwa swala moja. Waumini wanasema uchamungu umemzidi, wanataka awe imamu. Hawezi kukataa bila kutaja sababu, na sababu haitajiki.

4. Kiti kigumu hakiwezi tena, kwa hiyo amechukua sponji ya siti yangu. Abiria wa Lulindi wanashuka wakitembea kama yeye.

5. Mnauliza kwa mafumbo. Siku ya kliniki nesi Dominika alimuuliza haja kubwa ikoje, mjomba akajibu kwamba haja yake kubwa ni kurudi nyumbani, korosho zinaanguka. Mkacheka. Kosa lake liko wapi hapo?

Kwa hayo, naomba mchimbe vyoo kumi na viwili kati ya Chiungutwa na Masasi. La sivyo, uje wewe mwenyewe upande Mshale nyuma ya mjomba siku ya gulio, na mashine uje nayo imwombe radhi.

Nisalimie nesi Dominika, madaktari wenzako, na mlinzi wa getini aliyeisifia kofia yangu. Huku wote wanakusalimu isipokuwa yule jirani, bado amenuna.

Wako katika maumivu ya mwenzangu,
Faridi (Mshale)

Nyongeza: Mlipomaliza kucheka, nesi aliuliza tena waziwazi kama kuna damu. Mjomba hasemi mambo hayo mbele ya mwanamke, akaninong'oneza kwa Kiyao nimtafsirie. Alisema ipo, tena kila siku. Mimi nikaona haya kuutaja mwili wa mjomba wangu mbele ya nesi mzuri vile, nikamsogelea nikamwambia chini chini, mjomba asisikie, kwamba hana tatizo, anashukuru sana. Karatasi mliyotupa ilishaonya kwamba mionzi inaweza kumfikia huyo jirani, na tukiona damu turudi haraka. Niliisoma yote. Mjomba anaamini mlisikia mkaona ni jambo dogo, ndiyo maana ananyamaza na kuvaa suruali nyeusi. Damu haijakata. Vyoo viacheni, tupeni tarehe ya karibu. Namba moja pale juu ifute, aliyekosa ni mimi, na bado sijamwambia.