Nyekundu Iliyo Chini ya Buluu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeiba ndege. Hapana, nimeiazima. Iko chini ya kitanda changu, ndani ya mfuko wa nguo chafu, na mama anaamini nimeichukua kuifuta vumbi.

Jana mama alitangaza kwamba anahamia nyumba ndogo na hawezi kwenda na makorokoro yote. Jumapili twende tugawane. Ile ndege ya kuchezea ya plastiki iliyokaa juu ya kabati la vyombo miaka thelathini ataichukua aliyeiunda. Nikasema mimi. Kaka yangu naye akasema mimi, kwa sauti yake ile ya kufungua mkutano. Ndiyo maana tunamwita Mheshimiwa. Mama akasema tutajuana wenyewe. Kitinda, mdogo wetu wa kike, akaendelea kumenya chungwa.

Ndege ile niliiunda mimi! Nilikuwa mtoto, ikaja kwenye boksi, vipande sitini na vinne vya kuunganisha kwa gundi, nikaipaka nyekundu. Baba hakuwa mtu wa kusifu kitu. Alinisifu mara moja tu maishani mwangu, na ilikuwa kwa ndege ile. Kisha nikapelekwa shule ya bweni, na Mheshimiwa akapaka buluu juu ya nyekundu yangu. Tangu hapo anatembea na sifa zangu.

Mpango: natoa buluu, nabakiza nyekundu. Jumapili naiweka mezani. Sisemi neno.

Jumanne, 4 Machi

Nimeuza rangi dukani miaka kumi na minne. Hakuna wa kunifundisha rangi. Mama Mashine, anayechanganya rangi kaunta ya pili, amejaribu. Nilimuuliza, kwa niaba ya mteja, ni dawa gani inayotoa rangi ya juu na kuacha ya chini. Akasema dawa haina macho. Nikamweleza kwa upole kwamba ya juu ndiyo inayoguswa kwanza, kwa hiyo ndiyo inayotoka kwanza, ni suala la muda tu. Akaenda kumsimulia mlinzi. Wamecheka mpaka saa ya kufunga.

Jaribio la kwanza: thina, kwenye kijiko cha plastiki. Kijiko kimelegea, kikajikunja, kikagandana na gazeti. Thina haifai.

Nimempigia Kitinda. Ni fundi wa meno bandia, plastiki anaijua. Nikamwambia nina ndoo imepakwa rangi. Akasema nitumie spiriti ya hospitali na mswaki laini, taratibu, na nisithubutu kuloweka kitu nikaondoka. Kisha akauliza ndoo yenyewe ina mabawa mangapi. Nikakata simu. Mtandao ulikuwa mbaya.

Jumatano, 5 Machi

Spiriti inafanya kazi! Nimesugua chini ya bawa la kushoto mpaka kiwiko kikafa ganzi, nikapata kidoa cha ukubwa wa kifungo cha shati. Na ndani ya kidoa, kwa mbali, wekundu. Wekundu wangu! Machozi yalinitoka. Huenda ni spiriti.

Tatizo, kwa mwendo huu nitamaliza Desemba.

Mke wangu ameuliza kwa nini mswaki wake una rangi ya buluu. Nikasema ni dawa mpya ya meno. Hasemi nami.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi magari wa jirani na duka anasema mafuta ya breki yanavua rangi yoyote. Nikapata chupa mbili. Mchana nikakimbia nyumbani, nikaitumbukiza ndege kwenye trei ya keki ya mke wangu, nikatega simu inilie baada ya dakika ishirini. Tabaka moja tu litoke, la buluu.

Dakika ya tano Mheshimiwa akapiga. Eti amepata shahidi, kinyozi wake wa siku nyingi, aliyemwona utotoni ana buluu vidoleni. Nikamwambia ndiyo hiyo, buluu! Nani anabisha buluu? Akasema kwa hiyo ninakiri. Nikatoka nje ili nigombane vizuri. Tulifika mpaka kwenye baiskeli aliyonivunjia nikiwa darasa la tatu. Saa nzima ikaisha.

Niliporudi jikoni buluu ilikuwa imetoka. Nyekundu nayo imetoka. Kwenye trei umebaki uji wa zambarau, na katikati yake ndege ya kijivu, tupu, kama kuku aliyenyonyolewa. Tone moja lilidondokea meza ya chakula, vanishi imebabuka pale pale.

Nimekaa sakafuni. Nina uchungu na sioni haya kuandika. Kitu kimoja cha baba kilichokuwa changu, nimekipika mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na akili mpya. Nyekundu ilikuwepo. Kuirudisha si udanganyifu, ni ukarabati! Napaka nyekundu, napaka buluu juu, halafu Jumapili nakwangua kidogo mbele ya mashahidi.

Kazini nimesema naumwa tumbo. Nimetumia rangi ya milango, ndiyo iliyokuwepo stoo. Nyekundu saa moja asubuhi. Kopo linasema isubiriwe mpaka kesho. Makopo huandikwa na waoga. Buluu saa nne. Kufika saa sita ndege nzima ilikuwa rangi ya bilinganya, na alama ya kidole gumba changu imezama mkiani.

Mke wangu ameiona meza. Sasa anasema nami. Afadhali jana.

Jumamosi, 8 Machi

Mafuta ya breki tena, chupa ya pili. Safari hii simu nimezima, nimekaa pale pale na mswaki. Wangu. Rangi ikatoka. Gundi nayo ikaachia, na tumbo la ndege likafunguka nusu mbili mkononi mwangu.

Ndani, mahali ambapo rangi haikuwahi kufika, kuna maandishi yaliyochorwa kwa sindano. Mwandiko wa mtoto, herufi S zote zimegeuka nyuma. “Nimeiunda peke yangu. Baba anajua. Amesema nisiwaambie kaka, watalia.”

Kitinda. Alikuwa na miaka minane.

Nimejaribu kukumbuka nikibandika bawa, gurudumu, chochote. Nakumbuka brashi tu. Nakumbuka kopo la rangi. Kumbe baba alinisifu ili nisilie. Nimemchukia kila mtu kwa zamu, nikianza na marehemu.

Kisha nikachukua gundi nikaifunga ndege. Gundi nyingi.

Jumapili, 9 Machi

Mheshimiwa alikuja na suti na kinyozi. Alipoiona ndege ya kijivu akapiga kelele kwamba nimeharibu kazi yake. Nikajibu kwamba rangi inayotoka kwa kufutwa vumbi haikupakwa na fundi. Kinyozi akaomba chai.

Mama akaichukua, akaipeleka dirishani, akaigeuzageuza. Akasema, kwa furaha kabisa, kwamba hajaiona hivi tangu siku Kitinda alipoimaliza, kabla sisi wawili hatujaipaka marangi yetu. Akampa. Hivyo tu! Miaka thelathini alijua, na hajawahi kufungua mdomo.

Kitinda akapitisha ukucha kwenye maungio, akasema gundi imezidi, ataifungua aibandike upya. Akanitazama. Hakuuliza nimeona nini ndani. Heri angeuliza, ningepata la kumkasirikia.

Baadaye Mheshimiwa alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Bila ile sauti ya mkutano, akaniuliza kama baba aliwahi kuniambia lolote kuhusu ndege. Nikasema aliniambia nina mkono wa fundi. Akakaa. Akasema na yeye aliambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Tukabaki pale, wanaume wazima wawili, kila mmoja anatazama viatu vyake. Nilimwonea huruma. Nadhani nilimpenda, kwa kama dakika tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri kutwa nzima, wateja wawili nimewapa rangi siyo.

Nyekundu ilitangulia. Hilo hata Mheshimiwa habishi. Kwa hiyo baba alianza kuniambia mimi! Kaka yangu alipewa maneno yaliyokwisha tumika. Mama lazima anakumbuka siku yenyewe. Nimempigia, akasema nimwache afunge mizigo yake kwa amani, mwanangu. Sauti ya mtu anayeficha kitu.

Kesho naenda kwake. Nimeandika maswali kumi na mawili.