Kamishna na Kilo Kumi na Nane

Jumapili, 30 Novemba

Nimeibiwa kakao. Kilo kumi na nane, nusu kavu, jana Jumamosi kati ya magharibi na alfajiri. Niliipima mwenyewe mchana. Leo asubuhi mkeka mtupu, umekunjwa vizuri na kuegemezwa ukutani. Mwizi mwenye adabu! Hao ndio wabaya.

Na mvua imenyesha usiku kucha. Alichagua usiku wa mvua ili nyayo zifutike. Ana akili.

Mimi sikurithi hata mgomba mmoja. Miaka tisa nimebeba abiria kwa baiskeli Kyela mjini, nikanunua shamba hapa Mwaya kwa jasho la miguu. Halafu mtu anakuja na gunia!

Mshukiwa ni mmoja. Anyosisye, jirani wa kushoto. Ushahidi: leo kanisani alinisalimia mara mbili. Sijamwambia mtu yeyote, hata Marta mke wangu. Upelelezi ni siri. Wakati wa chakula Marta alianza kusema jambo kuhusu kakao na jikoni, nikamwomba aniache kidogo, nilikuwa nawaza.

Jikoni! Jikoni mimi siingii, na mambo yake hayanihusu.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimepata dawa. Mbwa!

Jike la Anyosisye limezaa, na watoto wamebaki wawili. Hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Mbwa wa mwizi anazijua njia za mwizi. Nikimchukua mtoto wa mbwa wake, nimechukua nusu ya siri zake.

Nikaenda. Anyosisye alitaka kuku wawili. Mwenyewe akamgeuza mtoto tumbo juu, akanionyesha: kitovu kimetokeza, kama gololi chini ya ngozi. Akasema ndiyo maana watu wamemwacha, wanaogopa. Yule mwingine ana jicho la kutoa machozi.

Nilijizuia nisicheke. Mtu anakupa mwenyewe sababu ya kushusha bei! Nikamwambia gololi ni nusu ya kuku, na kutembea nayo hadi kwangu ni nusu nyingine. Tukaishia kuku mmoja. Asilimia hamsini! Kwa kitovu!

Nimemleta nyumbani ndani ya kofia. Ana rangi ya mchanga, na sikio moja halijaamua lisimame au lilale. Nimempa jina Kamishna. Marta alimtazama, akasema hataki mbwa ndani ya nyumba. Dakika kumi baadaye nikamsikia jikoni anamwuliza Kamishna kama maziwa ni ya moto mno.

Jumanne, 2 Desemba

Kamishna kazini. Nimechukua ubao, nimeandika MBWA MKALI, nimeupigilia kwenye mwembe ulio karibu na mkeka, ambapo nimeanika kakao nyingine. Kamishna amelala chini ya ubao. Kuku amempanda mgongoni. Hakuamka.

Kilichobaki ni kitovu. Mlinzi mwenye kasoro anadharaulika. Mama yangu alikuwa anawafunga watoto wachanga kitovu kwa sarafu na kitambaa. Kama imefaa kwa watu, kwa mbwa itashindwaje? Sarafu ninayo, shilingi mia mbili. Kitambaa ndiyo shida. Nimetafuta nyumba nzima. Kwenye kabati nikaona kitenge kipya kimekunjwa, buluu yenye ndege wa njano. Kikubwa mno kwa mtu mmoja! Nikakata ukanda wa pembeni tu. Upana kiganja kimoja na nusu. Nikakikunja tena vilevile, upande uliokatwa ndani.

Kamishna amependeza ajabu. Anatembea kama mwenyekiti wa harusi.

Jumatano, 3 Desemba

Bi. Lusungu, afisa mifugo wetu, alikuwa anapita kuchanja kuku. Nikamwita aje ashuhudie matibabu yangu.

Hakushuhudia. Alifungua kitambaa chote, akasema nilimbana mtoto mpaka anapumua kwa kuazima. Akasukuma kile kigololi kwa kidole kimoja, kikaingia ndani laini. Kumbe hivyo tu! Akaeleza kwamba ni ngiri ndogo ya kitovu, watoto wengi wa mbwa huzaliwa nayo, na mara nyingi hujifunga wakikua. Isipojifunga atashonwa siku ya kuhasiwa. Nitazame tu isiwe ngumu, isimwume. Kufunga hakuna.

Sarafu haikuwemo ndani ya kitambaa. Bi. Lusungu akaniuliza iko wapi. Tukamtazama Kamishna. Kamishna akatazama pembeni.

(Saa kumi jioni sarafu imerudi. Nimeiosha.)

Halafu akaona mkeka wangu wa kakao. Akauliza huyu mbwa nimemleta wa nini. Nikamwambia kwa fahari: kulinda kakao. Akasema, "Mzee Hezroni, kakao ni sumu kwa mbwa. Huyu mdogo, mbegu chache tu zinamwua."

Nimezunguka Kyela yote, wilaya nzima inanuka kakao, na mimi nimenunua kitu pekee kisichotakiwa kuikaribia!

Sasa nimejenga uzio kuzunguka mkeka. Mianzi ishirini na sita. Si kuzuia mwizi. Kumzuia mlinzi. Usiku nitalala nje mimi mwenyewe, kati ya mbwa na kakao.

Alhamisi, 4 Desemba

Balaa. Kitenge kilikuwa sare ya kwaya.

Marta amekipeleka kwa fundi leo asubuhi. Fundi amekipima, akasema gauni linatoka, lakini mkono mmoja. Jumapili kwaya yao inaimba mbele ya wageni kutoka sharika nne, na Marta anasimama mstari wa mbele. Na huku nyuma Kamishna anapita uani ameburuta kipande cha ndege wa njano mdomoni.

Marta hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Baba Kisa, kitenge kiwe kizima kabla ya Jumapili, la sivyo huyu mbwa arudi alikotoka." Tangu hapo hasemi na mimi. Anasema na mbwa. Jioni nimemsikia, "Kamishna, mwambie baba yako ugali uko mezani."

Nimepiga simu duka la Abdulwahab mjini, aliyewaletea hizo sare. Kimekwisha. Kipande kilichobaki duniani kiko kwa Prisca, naye ni mwanakwaya, alinunua cha ziada. Na Prisca ni mke wa nani? Wa Anyosisye!

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimeona njia. Nikimkamata Anyosisye na kakao yangu, fidia itakuwa nini? Kitenge! Ndege wawili kwa jiwe moja. Ndege wa njano.

Kamishna harudi kokote. Leo amebweka mara ya kwanza. Amekibwekea kivuli chake mwenyewe, halafu akakimbilia miguuni kwangu. Nilikaa pale mpaka mguu ukafa ganzi.

Ijumaa, 5 Desemba

Mpango ulikuwa mzuri. Nasisitiza.

Nilimwita Anyosisye aje kumsalimia mbwa. Nikawaita na wazee wawili waliokuwa wanapita na mikungu yao ya ndizi, wawe mashahidi, bila kuwaeleza. Hesabu yangu: Anyosisye akikaribia mkeka, Kamishna atakumbuka usiku wa wizi, ataonyesha.

Sasa usiku wa wizi Kamishna alikuwa bado hajafika kwangu. Hilo nimeliona baadaye.

Anyosisye alipoingia tu, Kamishna alimkimbilia, akalamba vidole vyote kumi vya miguu, akajikojolea kwa furaha. Nikasema kwa sauti mbele ya wazee: mnaona, amemtambua! Kilo kumi na nane ziko wapi?

Mzee mmoja akatua mkungu wake chini ili asikilize vizuri.

Anyosisye akamwinamia mbwa. Halafu akasema polepole, "Gwe Hezroni, huyu mbwa amezaliwa chini ya kitanda changu. Ulitaka anisahau kwa kuku mmoja?"

Wazee wakacheka mpaka wakakaa. Anyosisye hakucheka. Alimpapasa Kamishna sikio lile lisiloamua, akaenda zake. Kitenge sikupata hata nafasi ya kukitaja.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika harakaharaka, mwandiko usomeke hivyo hivyo.

Nilikuwa nakaza mianzi. Nikamsikia Marta akiita, na mara hii aliniita mimi, si mbwa. Nikaingia jikoni. Mara ya kwanza sijui tangu lini! Kamishna yuko karibu na meko, anatafuna. Mdomoni mbegu ya kakao. Sakafuni mbegu nyingine tano. Nikatazama juu. Kwenye kichanja cha juu ya meko kuna gunia. Gunia langu, lina tundu la panya.

Sikuuliza. Nilimnyanyua, nikamtia kikapuni, nikapanda baiskeli. Miaka tisa ya abiria na sijawahi kukanyaga pedali vile. Nimezipita bodaboda mbili! Nilikuwa namwambia njiani ajitahidi, nitamnunulia kila kitu, nitaung'oa hata ule ubao kama unamfedhehesha.

Bi. Lusungu akampa dawa ya kumtapisha. Mbegu nne zikatoka. Akasema tungoje. Tukangoja. Kila mara niliweka sikio kifuani kwake, mpaka Bi. Lusungu akaniomba nimwachie nafasi na yeye asikilize. Kufika saa tisa Kamishna akasimama, akatafuna kamba ya kiatu changu. Kamba nzima. Sikumkataza.

Marta alikuwa anatungoja barabarani. Alimchukua kikapuni kwanza, akamfunika kwa khanga aliyovaa, ndipo akanigeukia. "Jumamosi ile mvua ilikuwa inakuja, nikaihamishia jikoni. Nilikwambia. Ulikuwa unatazama mpira, ukajibu 'sawa mama'."

Sikumbuki. Lakini mpira nakumbuka. Tulifungwa mbili.

Akanituma kwa Anyosisye kuomba radhi, na mkungu wa ndizi begani. Nikaenda. Nilisema pole kwa usumbufu wa upelelezi. Anyosisye akapokea mkungu, akasema ndaga fijo, yaani asante sana, akauliza tu hali ya mtoto. Prisca naye akanipa kile kipande cha kitenge, nusu mita, bila hata kuombwa. Kumbe yeye na Marta walikuwa wameshaongea tangu jana kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nikijenga mipango, wao wanaongea!

Jumapili, 7 Desemba

Ushindi! Kwaya imeimba, Marta ana mikono miwili, wageni wamesimama. Kamishna anabaki. Marta amesema mwenyewe, na amesema na mimi. Kitovu kimepungua pia, nimepima: jana gololi, leo punje ya mahindi. Shingoni amefungwa ule ukanda wa ndege wa njano. Wa mstari wa mbele kabisa.

Basi jioni, moyo mweupe, nikashusha gunia lile kutoka kichanjani, nikaliweka kwenye mizani.

Kilo kumi na moja.

Nikapima tena. Kumi na moja! Mbegu nne za Kamishna hazifiki hata gramu kumi. Panya nimemkadiria, hata akiwa na ukoo. Marta anasema imekauka, imekaa juu ya moto juma zima. Kukauka! Maji gani yana uzito wa kilo saba na hayakulowesha sakafu? Mimi nahesabu, sibabaishwi. Na juma lote hili, ni mwanamume gani amepita karibu na jikoni kwangu? Ukiwatoa wazee waliokaa chini kwa kicheko, mmoja tu, Ijumaa. Nilimwita mwenyewe.

Nimemwandikia barua sasa hivi, nimeisukuma chini ya mlango wake. Kamishna amenisindikiza. Naiandika na hapa, iwe kumbukumbu:

"Jirani Anyosisye. Ndizi zilikuwa za kosa la kwanza, hili ni jipya. Je, zile kilo saba ulichukua au hukuchukua? Na yule mtoto mwenye jicho la machozi, bado yupo? Nina kuku mmoja, na kwa jicho lile napunguza nusu. Sitaki maelezo. Nataka ndiyo au hapana, kwa yote mawili, kesho kabla ya saa moja asubuhi."