Kufutwa kwa Darasa la Tatu B Kwenye Wastani

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Utafiti wa Elimu,

YAH: KUFUTWA, KUBADILISHWA JINA NA KUCHANGANYWA KWA MWALIMU WA DARASA LA TATU B

Shikamoo. Kama wewe ni mdogo kwangu, basi shikamoo hiyo nirudishie kwa posta, maana nimefundisha miaka ishirini na sita na siku hizi sijui tena mkubwa ni nani.

Mimi ni mwalimu wa kusoma na kuandika, Darasa la Tatu B, katika shule iliyo mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka lango la chuo chako. Ukaribu huo ndio msiba wangu. Mwanafunzi wako yeyote anayetaka kutafiti shule za msingi, na hana nauli ya kwenda mbali, huja kwetu. Mwaka huu wamekuja watatu, wote na swali moja: je, watoto hawa wanajua kusoma? Kila mmoja alikuja na mbinu yake, na kila mbinu imenidhulumu kwa namna yake. Naomba unisikilize kwa utaratibu.

1. Wa kwanza alikuwa kijana wa mbinu ya idadi. Sina ugomvi na adabu yake. Alifika saa moja na nusu kamili, akapiga hodi, akakaa nyuma kwenye dawati ambalo mguu wake mmoja umefungwa kamba. Alikuwa na saa ya kuhesabu sekunde. Akamwita mtoto mmoja mmoja, akampa aya asome, akahesabu maneno kwa dakika. Hakuuliza mtoto kaamkaje wala kala nini. Watoto wangu arobaini na wanne wakasoma bila kukwama. Mimi nilikuwa nje ya dirisha nikijifanya nakung'uta kifutio, na nilikikung'uta mpaka kikaisha vumbi.

Baada ya miezi miwili taarifa ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo ofisini. Tatu A ipo. Shule ya jirani ipo. Tatu B haipo. Nikavaa miwani, nikavua, nikavaa tena. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, imeelezwa kwamba darasa moja limeondolewa kwa kuwa alama zake ziko juu mno, mbali na za wengine, na zingevuruga wastani. Mheshimiwa, yaani nimefukuzwa kwa kosa la kufaulu! Najua mti wenye matunda ndio hupigwa mawe, lakini mimi sikupigwa mawe, nimeng'olewa pamoja na kisiki ili ardhi iwe tambarare.

Na Tatu A anafundisha nani? Wifi yangu. Dada wa mume wangu, tumbo moja. Watoto wake hukwamakwama, wakapata alama za katikati, hivyo yeye ndiye wastani wa shule, na siku hizi anatembea hivyo. Jumapili alikuja kwetu kula, akaniambia nisijali, si kila mtu lazima aonekane kwenye utafiti. Nilimwongezea mchuzi.

2. Akaja binti wa mbinu ya maelezo. Huyu hakuwa na saa. Alikuwa na kinasa sauti, daftari na subira ya ajabu. Aliniuliza kusoma kuna maana gani kwangu, kisha akanyamaza. Mheshimiwa, mimi nikinyamaziwa hujaza pengo. Nilisema kwa saa tatu. Nilimweleza habari za mwalimu wangu wa kwanza, miguu yangu inavyovimba jioni, mume wangu fundi cherehani anayepima nguo za watu mpaka sentimita lakini chumvi ya mboga hukisia, na nilivyojifungia stoo nikalia mwaka ule nilipopewa watoto tisini. Habari ya stoo sikukusudia kuisema. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kitu na akasubiri jibu.

Akaandika kurasa arobaini. Ni nzuri, sikatai. Nimezisoma mara tatu, na mara ya tatu nilitokwa na machozi. Lakini jina! Kila mahali ameandika "Mwalimu Waridi". Anasema ni kwa ajili ya kunilinda. Kunilinda na nani? Nilikuwa nimeshamtangazia mama mkwe kwamba mkwewe yumo kitabuni. Alivaa nguo ya kutokea, akaketi, akatafuta jina langu jalada hadi jalada. Alipomaliza akasema huyo Waridi anaonekana mwanamke mwema sana, laiti mwanawe angemwona mapema. Nikamwapia kwamba Waridi ndiye mimi. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia wivu si mzuri.

3. Wa tatu ni bwana wa mbinu mseto. Alikuja na saa na kinasa sauti, vyote viwili, na begi lililomvuta bega moja chini. Nikajisemea, sasa haki imefika kwa miguu yote miwili. Asubuhi aliwapima watoto kwa sekunde. Kisha akanipa hojaji inayouliza naridhika na kazi yangu kwa kiasi gani, kuanzia moja hadi tano. Nikazungushia tano, maana mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Mchana tukafunga mlango, akanihoji, nikasema ukweli.

Alipoziweka pamoja zikagombana. Taarifa yake inasema idadi inaonyesha mwalimu mwenye furaha isiyo na kifani, ilhali maelezo yanaonyesha mwalimu anayefikiria kuacha kazi akafuge kuku. Kuhusu watoto aliandika mstari mmoja tu: wanasoma vizuri mno, sababu haijulikani. Hitimisho lake ni kwamba utafiti zaidi unahitajika. Mtaka yote hukosa yote! Maana ya hitimisho hilo ni kwamba atakuja wa nne.

4. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na siombi makubwa. Darasa langu lirudishwe kwenye wastani, na wastani usipotosha, upanuliwe. Wifi yangu ajulishwe kwa maandishi, kwa muhuri wa idara, kwamba kuwa katikati si cheo. Kile kitabu kichapwe upya, Waridi atoke niingie mimi, na nakala ipelekwe kwa mama mkwe na mtu mwenye tai. Tena, kwa kuwa maneno ya kurasa zile arobaini yalitoka kinywani mwangu na binti akatunukiwa shahada, nipewe nusu ya shahada hiyo. Niko radhi kuvaa joho upande mmoja. Mwisho, mbinu zote tatu zifungiwe chumba kimoja mpaka zikubaliane kama watoto wangu wanajua kusoma. Zikishindwa, ziniulize mimi, ningezijibu bure tangu siku ya kwanza. Wanajua, na aliyewafundisha ni mimi.

Nisalimie makarani wako, mlinzi wa lango ambaye hunipitisha bila kitambulisho, na watafiti wote watatu, ambao kwa kweli wamelelewa vizuri. Wifi yangu naye anakusalimu, ingawa hajui kama nimeandika.

Wako, mwenye chaki mkononi na jambo moyoni,

Mwalimu wa Darasa la Tatu B

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Leo asubuhi vimefika vitabu vipya vya kusoma, vya kwanza kwa miaka saba. Miaka yote hiyo tumetumia kimoja, mimi nikisoma na watoto wakiitikia pamoja, na aya za wapimaji wako zilitolewa humo humo. Nikampa kitabu kipya msichana ninayemtegemea kuliko wote. Akafungua ukurasa wa tisa akasoma kwa sauti, hakukosea hata neno, habari za mbuzi aliyepotea. Ukurasa ule una picha ya treni. Hauna mbuzi; mbuzi yuko ukurasa wa tisa wa kitabu cha zamani.

Nikawaita wengine, mmoja mmoja, mpaka wa arobaini na nne. Wanaosoma kweli ni kumi na mmoja. Nimehesabu mara mbili. Kisha nikakaa chini na yule msichana, nikamuuliza, nikanyamaza. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilidhani kusoma ndiyo hivyo." Nikaenda na kitabu kile kwenye darasa la wifi yangu, Tatu A, nikampa mwanafunzi wake mmoja. Alikwama, akarudia, akatoa jasho, akafika mwisho wa ukurasa. Kumbe wale wanaokwama walikuwa wanasoma.

Niliyoomba hapo juu nayafuta yote. Leteni huyo wa nne, awe na saa au awe na kinasa sauti, ila aje na kitabu ambacho watoto hawajawahi kukiona, na asiwe na haraka ya kuondoka, maana nahitaji msaada. Akiandika, aandike kumi na mmoja kati ya arobaini na wanne, na jina la mwalimu aliweke wazi.