Matenga Kumi ya Paka wa Kibirizi

Jumatatu, 8 Septemba

Mbalamwezi. Mwezi ukiwaka hivi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi yote ya Kibirizi imelala mchangani. Vichanja vyetu vya kuanikia vitupu. Paka wa mwaloni, hapa mitumbwi inaposhushia samaki, hawana utumbo wala kichwa cha samaki. Wananitazama kana kwamba mwezi nimeuwasha mimi.

Mjumbe anaumwa. Ni paka jike, tumemwita hivyo kwa sababu huingia kila nyumba bila hodi. Ndiye anayelinda stoo yangu ya dagaa dhidi ya panya. Ukurutu umemla masikio, sasa jicho la kulia linafunga. Hajawahi kuniruhusu nimguse. Nampenda. Ndiyo, nimeandika.

Leonida, mwenye kichanja cha pembeni na mpinzani wangu tangu tulipokuwa kwaya moja, kasema paka huyo hatauona mwezi mwingine. Nikamjibu mbele ya watu wote kwa mama ntilie kwamba nitawatibu paka wa mwalo mzima. Nikaagiza chapati ya pili.

Jumanne, 9 Septemba

Duka la dawa za mifugo, mjini. Dawa ipo! Ila ni chupa kubwa, ya ng'ombe. Haifunguliwi kwa ajili ya paka mmoja. Dawa ya paka hasa huagizwa Dar, na kwa bei yake unanunua mbuzi na chenji inabaki.

Nikaenda kwa Daktari Wilfred, bwana mifugo wetu, mtu wa Mara. Akauliza mwenye paka ni nani. Nikasema ni wa Serikali, maana yuko mwaloni. Akacheka mpaka akavua miwani. Mtu wa ng'ombe huyo! Paka kwake ni panya aliyenenepa.

Nimerudi na mpango. Sihitaji hela. Nahitaji mbuzi wa mtu.

Jumatano, 10 Septemba

Jirani yangu Elikana ana mbuzi watano. Nikamwambia kwa huzuni kwamba naona wanajikuna sana. Anunue chupa, mbuzi watumie kidogo, nami kwa ujirani mwema nitamtunzia itakayobaki. Akapiga kelele, yebabawe, akapanda bodaboda kwenda mjini. Niliosha vyombo nikiimba.

Jioni Daktari kaja mwenyewe na chupa. Kachoma mbuzi wote sindano. Kachoma kondoo wa shemeji yake Elikana. Iliyobaki ikaenda kwa ng'ombe wa parokia. Elikana, muungwana, akanikabidhi chupa tupu niitunze.

Daktari akanivuta kando. Akasema dawa ya ng'ombe mtu akikadiria kwa macho humuua paka. Lazima apimwe uzito. Ila nikikusanya paka kumi siku moja, chupa moja itawatosha na kila sindano itakuwa bei ya soda. Lakini hakimbizi paka mchangani, awakute ndani. Nichague: Jumamosi au Jumatatu.

Paka kumi. Kazi ndogo!

Alhamisi, 11 Septemba

Matenga kumi ya dagaa, vijiti, kamba. Tenga linaegemezwa juu ya kijiti, chini yake kuna chambo, paka akiingia navuta. Nimejaribu kwa kuku wa Leonida. Linafanya kazi. Leonida hakufurahi.

Hata hivyo kaja kunishauri. Jumamosi ndiyo siku, eti, kwa sababu njaa itawaingiza paka wenyewe. Jumatatu mitumbwi itakuwa imerudi kuvua. Wivu! Jumamosi mwaloni hakuna mtu. Kazi kubwa namna hii itazamwe na nani? Jumatatu wachuuzi watajaa, hadi wa Mwamgongo na Kagunga. Nimemkatalia kwa heshima.

Jumamosi, 13 Septemba

Mjumbe hakumwona panya aliyepita mbele ya pua yake. Jicho la pili nalo linafunga. Nimeogopa sana. Nikafungua gunia langu la akiba, dagaa wa daraja la kwanza, nikammwagia viganja viwili. Kala wote, kalala.

Leonida kashinda akizunguka na sufuria ya ugali wa mchuzi wa samaki. Nasikia anafungia paka stoo kwake. Anaiga! Hana hata kijiti kimoja.

Jumatatu, 15 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Alfajiri mitumbwi imeingia, imejaa. Dagaa kila mahali. Watu kila mahali, kama nilivyotaka. Paka wamekula mpaka matumbo yanagusa mchanga. Walipita kando ya matenga yangu bila hata kunusa. Saa tatu kamili Daktari kafika. Matenga kumi, paka sifuri. Mvuvi mmoja akauliza kama nauza matenga.

Ndipo Leonida akafungua stoo. Paka tisa! Wote aliwapata kwa njaa ya Jumamosi. Daktari akawapima mmoja mmoja kwa mzani wa dagaa na kuwachoma. Mjumbe hakuwemo. Hakuwa na njaa Jumamosi. Nilimshibisha mimi.

Daktari akaanza kufunga mkoba. Nililia, mbele ya wachuuzi wa wilaya nzima. Kisha nikamwona, chini ya kichanja, amelala chali kwa shibe. Sikuwa na mpango wowote. Nilivua kitenge cha juu nikamwangukia. Alinichana kutoka kiwiko hadi kiganja. Sikumwachia. Leonida akashika miguu ya nyuma. Kilo mbili na robo, sindano, basi.

Daktari kaniamuru niende hospitali nami nichomwe, chanjo ya kichaa cha mbwa. Mjumbe kachomwa mara moja. Mimi narudishwa mara kadhaa.

Jumapili, 21 Septemba

Magamba yanadondoka. Leo macho yote mawili yamefunguka! Mjumbe amekaa mlangoni mwa stoo ananitazama kwa dharau. Nina furaha isiyo na kifani.

Daktari kasema paka wote warudiwe sindano, Jumatatu tarehe 29. Leonida kaja na ushauri tena. Mitumbwi itakuwa kazini, paka wameshiba, kwa hiyo tuwafungie mapema, kabla hawajaonja kitu. Nimemshukuru, dada wa watu. Nimemweleza taratibu kwamba siku ile tulikwama kwa sababu moja tu: matenga kumi yalikuwa machache.

Nimeagiza ishirini.