Jani Jeusi na Masharubu Meupe

Jumatatu, 4 Machi

Sikuamini masikio yangu! Mzee Fidencio anastaafu. Katangaza leo asubuhi mbele ya kiwanda kizima, huku anatafuna tortiya, chapati ya mahindi, kama mtu anayezungumzia mvua. Chumba cha majani ya nje kinabaki bila mkuu. Na jani la nje ndilo vazi la biri, sigara yetu nene ya majani matupu, ndilo mnunuzi analoliona kwanza. Mkuu wa chumba hukaa dirishani, kwenye kiti chenye mto. Kiti changu!

Lakini Don Anselmo, mwenye kiwanda, hataki kunipa hivi hivi. Anataka mashindano. Ijumaa anakuja Don Teófilo, mnunuzi kutoka Managua. Kila mshindani ataivika biri mpya vazi alilochagua mwenyewe. Mshindi anachukua kiti. Anayeshindwa anarudi banda la kuchachushia, kugeuza marundo ya tumbaku yanayofuka mvuke wa kuchoma macho. Nimewahi kukaa huko. Hata mbwa wangu alikuwa akinipisha njia kwa harufu.

Tuko wawili tu: mimi na Chepita Talavera. Chepita! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika jani. (Yeye husema kinyume chake.) Nimemwambia mke wangu, Nubia, kwamba kiti ni changu. Kaniuliza kama Don Anselmo naye anajua.

Jumanne, 5 Machi

Tumeonjeshwa mjazo wa biri mpya, yale majani ya ndani. Mpole, mtamu kwa mbali. Chepita kakaa na majani kutwa nzima, ananusa, anavuta, anayaangalia kwenye mwanga. Mimi nilishaamua kabla kahawa haijapoa. Jeusi! Mtu akiona nyeusi anaona nguvu.

Fidencio kaanza kunieleza kwamba weusi si ukali. Eti ni jani nene lililochachushwa muda mrefu, na mjazo mpole ukivikwa jani hilo hausikiki tena. Nikaitikia kwa adabu. Mtu anayestaafu umwache aseme.

Kisha pigo. Majani meusi yote ghalani yameshaahidiwa mteja mwingine. Yote! Nikapewa fungu la jani jekundu la bonde la Jalapa, laini, lenye mafuta kidogo. Jekundu! Rangi ya kuku wa Nubia. Nikalitupa mezani bila hata kulifungua. Nilipogeuka, Chepita alikuwa analipapasa. Nilimwonea huruma, anaokota nilichotupa mimi.

Yeye aliacha majani yake meupe-meupe, yale yanayokuzwa chini ya vitambaa ili jua lisiyaguse. Nimeyachukua. Nina wazo.

Jumatano, 6 Machi

Nimeaga kazini kwamba jino linauma. Nyumbani nimechemsha kahawa nzito, nikaongeza sukari guru, nikapaka majani kwa brashi ya viatu. Meusi! Yanang'aa! Nilisimama kuyatazama, nikajisikia fahari kweli. Nikayaanika kwenye kamba ya nguo.

Upepo ukavuma. Sikuwa nimeona kwamba mwisho wa kamba ile pameanikwa gauni jeupe la mama mkwe, Doña Cástula. La komunyo ya mjukuu wake. Ya Jumapili hii! Sasa lina madoa kifuani, yenye umbo la jani kabisa, hadi mishipa inaonekana. Doña Cástula hakupiga kelele. Alikaa chini, akanitazama. Heri angepiga kelele.

Halafu sisimizi. Sikufikiria sisimizi! Nimewapuliza mmoja mmoja.

Alhamisi, 7 Machi

Chepita kashtuka! Nimemwona kwa macho yangu. Alipita kwenye meza yangu, akalowesha kidole kwa mate, akagusa jani langu jeusi, akakitazama kidole muda mrefu. Kisha akainama akasema polepole, "Kaka Evelio, kuna jani jekundu limebaki. Nikukatie? Kesho bado haijafika."

Ndiyo kusema anaogopa. Anataka nirudi kwenye jekundu ili tuwe sawa. Nikamwambia asante, ale jekundu lake mwenyewe. Akaniuliza kama jino limepona.

Ijumaa, 8 Machi

Nitaandika ilivyokuwa.

Don Teófilo kaja na suti ya kitani na masharubu meupe, mazito, yaliyochanwa. Kaanza na biri ya Chepita. Vazi jekundu la Jalapa. Kaitia mdomoni, kaivuta, kafumba macho. Kasema jani linauacha mjazo useme. Don Anselmo kasema mjazo huo aliuchanganya kwa ajili ya jani hilo hilo, na kwamba mtu wa kwanza kupewa fungu lile alikuwa mimi. Mimi! Hakuna aliyeniambia! (Fidencio anadai aliniambia. Nitafikiria.)

Kisha yangu. Nyeusi tititi. Don Teófilo kaisifu kwa macho, nikakitazama kile kiti cha dirishani. Sasa, huyu bwana ana tabia ya wavutaji wa zamani: kabla ya kuwasha hulowesha biri nzima midomoni, kuanzia ncha hadi ncha, taratibu. Kila mtu hapa mjini Estelí anaijua tabia hiyo. Mimi pia naijua! Sikuikumbuka hadi masharubu yalipoanza kubadilika.

Kahawia. Kisha meusi. Kahawa ikachuruzika hadi kwenye kola. Don Teófilo akaramba mdomo wa juu, akafikiri, akamgeukia Don Anselmo. "Hii ina sukari," akasema. Kisha sisimizi mmoja, sijui nilimkosaje, akatokea puani kwake.

Chepita kapata kiti. Mimi banda, kuanzia Jumatatu. Nilitaka kulia, na nililia kidogo, nyuma ya ghala. Chepita kaniletea maji. Hakucheka. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, 10 Machi

Doña Cástula kaenda kanisani kajifunga shali hadi shingoni, katika joto hili. Nubia kasema mambo mengi. Nimekubali yote. Nimeona kosa langu, na nimeliona vizuri kabisa.

Kosa lilikuwa kahawa. Kahawa inachuruzika! Leo nimesikia kuna mnunuzi mwingine anakuja, na huyu anapenda jani la kijani, lile linalokaushwa haraka kwa moto kabla halijageuka rangi. Ghalani halipo hata moja. Nimemwomba Doña Cástula mchicha wake wa bustanini. Bado anafua gauni.