Msafara wa Wapagazi Uliofika Kigwa

Mgeni rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye baada ya wengine kukosa muda nimekuwa mimi pia. Waheshimiwa mlioalikwa mkaja. Waheshimiwa mlioalikwa mkatuma udhuru. Mwenyekiti wa Kijiji cha Kigwa. Viongozi wetu wa dini, masheikh, mapadre na wachungaji. Akina mama mlioketi juani na akina baba mlioketi kivulini. Wananchi wote, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naagiza izingatiwe. (Makofi ya wastani.)

Mimi, Mfaume Adinani, Mratibu wa Utamaduni, Sanaa na Mambo Yanayofanana na Hayo, ninayo heshima kubwa, kubwa kuliko hata suti hii, kusimama mbele yenu kuhitimisha Mradi Mkakati wa Sanaa Shirikishi uitwao Msafara wa Wapagazi, ambao kikonsepti ulilenga kuwajengea uwezo wadau wa ngazi zote kupitia pafomansi jongefu, yaani, kwa lugha ya nyumbani, watu watembee na mizigo kutoka Tabora mjini hadi hapa Kigwa, katika njia waliyopita babu zetu wapagazi, na yeyote watakayekutana naye barabarani waingie naye mchezoni. Msanii wetu Levina, binti wa mtaa wa Ng'ambo pale Tabora mjini, alinifafanulia kwamba katika sanaa ya namna hii hakuna mtazamaji, wote ni washiriki. Sikuelewa, lakini nilitoa taarifa kwa wakubwa kwamba nimeelewa kwa asilimia mia moja, na ushiriki wa wananchi nikaukadiria kuwa asilimia mia na ishirini, ili tusionekane tumebweteka. (Kicheko.)

Siku ya msafara ilikuja baada ya mvua kubwa. Nilitoka mjini na gari la ofisi, nimevaa joho jekundu la kirangozi, yule kiongozi wa msafara wa zamani, cheo nilichojiteua mwenyewe bila upinzani, nikikusudia kuupokea msafara karibu na kijiji na kuuongoza katika zile hatua za mwisho ambazo ndizo zenye wapiga picha. Hatukufika. Gari lilizama kwenye tope, dereva wangu Abdulatifu akaenda kutafuta watu wa kusukuma, nami nikabaki barabarani na joho langu. Ndipo nikaona msafara unakuja.

Walikuwa wanaume wamebeba kitanda cha kamba mabegani, juu yake mwanamke amefunikwa khanga, na pembeni mama mtu mzima anakwenda mbio mbio. Yule mwanamke akapiga ukelele. Ndugu wananchi, nimekaa viti vya mbele kwenye maigizo mengi, lakini uigizaji wa kiwango kile sikuwahi kuuona. Nikapiga makofi. Kisha nikanyoosha mkono nikawasimamisha, nikaanza kuwahutubia juu ya mchango wa mpagazi katika uchumi shindani. (Kicheko.)

Yule mama, Gaudensia, ambaye leo nyote mnamwona pale mbele, alisubiri nivute pumzi. Akasema, “Baba, huyu haigizi. Huyu ni mkwe wangu Paskazia, anajifungua. Shika kitanda au utupishe.”

Nilichohisi hakimo katika hotuba niliyoandikiwa. Niliona aibu, halafu nikaogopa. Nilimtazama yule binti, midomo imekauka. Mumewe Modest alikuwa amebeba upande wa kichwani, bega limechubuka linavuja damu, na hakukuwa na wa kumpokea. Nikavua joho tukamfunika nalo mgonjwa, maana mvua ilikuwa imeanza tena, nikaingia mahali pa Modest.

Naomba ieleweke kwamba nilibeba vibaya. Mimi ni mrefu, kitanda kikalala upande. Nikaambiwa nikunje magoti, nikakunja. Kiatu kikabaki kwenye tope, nikataka kukirudia, nikakatazwa. Uchungu ulipompa nafasi kidogo, Paskazia akauliza, “Mama, huyo anayehema kuliko mimi ni nani?” Mama Gaudensia akamjibu kwamba ni serikali. (Kicheko kirefu. Mratibu ananywa maji.)

Tulipofika hapa Kigwa, zahanati ilimpokea papo hapo. Muuguzi alitueleza kwamba mtoto amechoka na kwamba kila dakika ina maana. Mimi na Modest tukaketi nje, migongo ukutani. Hakunilaumu, nami nilikuwa nikiifikiria ile hotuba niliyowasimamishia njiani, neno kwa neno, na sikupata humo neno hata moja lililostahili kumchelewesha mtoto. Kilio chake kiliposikika, Modest alinishika mkono akalia. Nami nikalia, bila itifaki.

Sasa, Abdulatifu alikuwa ametukuta njiani akatupiga picha. Picha ile ilifika kwa wakubwa, nao wakaisifu kuwa kielelezo cha sanaa shirikishi yenye impakti kwa jamii, ndiyo maana leo kuna maturubai, kuna spika, na kuna wageni kutoka juu. Kwa hiyo naomba tuitikie. Sanaa shirikishi, juu. (Juu.) Wadau, mbele. (Mbele.) Pafomansi jongefu, idumu. (Idumu, kwa kusitasita.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Levina, ambaye siku ile alikuwa kwake Ng'ambo, kwa kuwa msafara alikwisha kuuahirisha kwa ajili ya mvua, akanipigia simu ambayo sikuipokea kwa sababu nilikuwa mbele ya kioo. Nawashukuru wapagazi wetu, ambao si wasanii, ni majirani wa Modest. Waheshimiwa mliotoka juu, hapakuwa na pafomansi, na mradi mliokuja kuupongeza haujawahi kuanza. Mlichokisifu ni mama mjamzito anayebebwa kwa kitanda kwa sababu gari halipiti. Nilikaa kimya mkasifu, maana sifa ni tamu. Pongezi zenu nazirudisha; wapeni watu hawa barabara. Kwa hayo machache, natangaza kwamba mradi ambao haukuwahi kuanza umefungwa rasmi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Meza kuu wanatazamana. Wananchi wanapiga makofi, isipokuwa mama Gaudensia, ambaye amempakata mtoto.)